Namwamini: Maana Yake Nini?

Masomo: Marko 9:14–29, 2 Timotheo 1:12–14, Yakobo 2:14–26



Kila Jumapili twasimama pamoja tukaungama imani yetu, na neno letu la kwanza ni hili: Namwamini. Watoto hulijua kabla hawajajua kusoma, na wazee hulitamka hata macho yao yakiisha kuingia giza. Twalisema upesi, kama mtu apitaye mlango wa nyumba yake mwenyewe bila kuutazama. Dr. Martin Luther alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliweka swali moja fupi baada ya kila fungu: Maana yake nini? Nasi leo twataka kuliuliza swali hilo juu ya neno hili moja. Twauliza si kwa sababu hamlijui, bali kwa sababu mmelizoea. Na kitu kilichozoewa huacha kutazamwa.

Tulipokuwa chuoni tulifundishwa maana ya imani kwa Kiyunani na Kilatini, nasi twawashukuru walimu wetu. Lakini somo lililotuingia moyoni tulilipata kisiwani Pemba, tulipokuwa tukilichunga kundi dogo la Wakristo. Wengi wao walikuwa watu wa bara: askari, walimu wa shule, watumishi wa serikali, na wachumaji wa karafuu waliokuja kwa msimu. Katika kisiwa kile karibu watu wote ni Waislamu, nasi tulikuwa wageni wao. Walitupokea kwa adabu, walitusalimu njiani, nao walitutazama, kama wenyeji wamtazamavyo mgeni wapate kujua ni mtu wa namna gani.

Siku moja tulikuwa tumeketi barazani kwa mwenye duka mmoja, mzee wa Kipemba. Akaja mtu wa kanisa letu, ambaye hatutamtaja jina. Ni msomaji hodari, na wakati wa kuungama imani sauti yake husikika kuliko zote. Alitaka apewe mchele na sukari, apate kulipa akiisha kupokea ujira wake. Mwenye duka akamjibu kwa upole kwamba leo haitawezekana. Alipokwisha kwenda zake, akaja bibi mkongwe, kanga zake zimechakaa, akaomba vile vile. Akapimiwa mara moja, wala hakuandikwa daftarini. Sisi tukanyamaza, lakini mzee yule aliziona nyuso zetu. Akasema, "Padri, usione vibaya. Bibi yule mie namwamini. Mwenzako simwamini. Deni lake lina miezi mitano, na kila akiniona hupita njia ya nyuma."

Tukaaga tukaenda, na njia nzima maneno yale yalitufuata. Jumapili mtu yule alisema mbele ya Mungu, "Namwamini." Jumatatu jirani yake alisema juu yake, "Simwamini." Je, hayo ni maneno mawili yaliyofanana kwa sauti tu, au ni neno moja?

Basi, na tuangalie jinsi watu wanavyolitumia neno hili siku zote.

Kwanza, wako wasemao "naamini" wakitaka kusema "nadhani." Mtu asema, "Naamini mvua itanyesha kesho," au, "Naamini gari limekwisha kuondoka." Msemaji huyo hana hakika, wala hakuweka kitu chake chochote juu ya neno lake. Mvua isiponyesha, hapati hasara. Hiyo ni dhana tu, nayo imeazima vazi la imani.

Pili, wako wasemao "naamini" wakitaka kusema kwamba wamesadiki habari fulani kuwa ni kweli. Mwaka 1995 ilienea kisiwani Pemba hofu ya kitu kilichoitwa popobawa, kilichosemwa kwamba huwajia watu usiku vitandani mwao. Hofu ile ilivuka bahari ikafika Unguja, kisha ikafika Dar es Salaam. Watu wengi waliacha vyumba vyao wakalala nje pamoja, wakikesha penye moto. Hatuandiki haya ili tuwacheke. Hofu ya usiku humjia kila mwanadamu, na sisi watu wa bara tuna hofu zetu. Lakini fikirini: watu wale walisadiki kweli kweli, na kusadiki kwao kuliwaondolea usingizi. Je, hiyo ndiyo imani? Yakobo atuambia katika waraka wake kwamba hata mashetani wasadiki kuwa Mungu ni mmoja, nao hutetemeka. Wajua, tena wakubali kuwa ni kweli, wala hawana raha. Kumbe, mtu aweza kusadiki yote yaliyoandikwa katika Katekisimo tangu mwanzo hata mwisho, asiwe amewapita mashetani kwa lolote.

Tatu, wako wasemao kama mwenye duka yule. Watu wa pwani wasema tangu zamani, "Nimemwamini mali yangu," yaani, nimeitia mali yangu mkononi mwake, nami sina rehani ila neno lake. Hapa pana hatari. Mchele umekwisha kutoka dukani. Yule aliyeuchukua akiwa mdanganyifu, mwenye duka amepata hasara. Na hii si desturi ya Waswahili peke yao. Katika Kilatini, lugha ya kanisa la kale la magharibi, Ungamo letu laanza na neno *credo*, na Warumi walilitumia neno hilo hilo kwa kumkopesha mtu fedha. Mtu wa Roma na mzee wa Pemba hawakuonana kamwe, lakini kila mmoja alipotaka neno la kumwamini Mungu na neno la kumwamini mtu mali, alitumia lile lile.

Nne, wako wasemao, "Mtu huyu hana imani," wasiwe wanasema habari za dini hata kidogo. Maana yake hana huruma. Amemwona mnyonge anateseka naye akapita. Tena husema, "Alimwonea imani," yaani alimhurumia. Neno hili tutalirudia mwishoni.

Sasa, katika matumizi hayo manne, Ungamo letu lafuata lipi? Hatuna haja ya kutafuta mbali. Litazameni neno lenyewe. Hatusemi, "Naamini kwamba Mungu yuko." Twasema, "Namwamini." Silabi ile ndogo iliyo katikati ya neno ndiyo yabeba mzigo wote. Asemaye "naamini kwamba" anenea habari. Asemaye "namwamini" amtaja mwenyewe, amesimama mbele yake, na ametia kitu mkononi mwake. Mwenye duka hakusema, "Naamini kwamba bibi huyu yuko." Kuwapo kwake hakukuwa na shaka kwa mtu yeyote. Alisema, "Namwamini," akapima mchele.

Tena neno hili lina ndugu zake, na mtu hujulikana kwa ndugu zake. Kuamini, imani, amani, amana, mwaminifu: haya yote ni watoto wa nyumba moja, nayo yalitufikia kwa Kiarabu. Kiebrania ni jamaa ya Kiarabu, na katika Kiebrania nyumba hiyo ndiyo iliyotupa neno Amin, ambalo twamalizia maombi yetu. Asili ya maneno hayo katika Kiebrania ni kuwa imara, kutotikisika. Katika Kutoka sura ya 17 twasoma jinsi Haruni na Huri walivyoitegemeza mikono ya Musa hata jua likachwa. Na neno lililotumika kusema kwamba mikono ile ilithibitika ni la nyumba hiyo hiyo ya imani. Basi, tangu mwanzo wa Ungamo mpaka mwisho wake twasema jambo moja: twaanza kwa Namwamini, twamaliza kwa Amin, yaani, hapa ni pagumu, hapa pakanyagika.

Wazee waliosoma Biblia ya Dr. Karl Roehl, iliyotolewa mwaka 1937, wakumbuka kwamba mtafsiri yule, aliyetumikia misheni huko Usambara, alipendelea maneno ya asili ya Kibantu kuliko yale ya Kiarabu, na mahali pengi alipokuta "kumwamini" aliandika "kumtegemea." Wengine walilipenda neno lake, wengine hawakulipenda, na leo makanisa yetu yasoma "kumwamini." Lakini Dr. Roehl aliona vema maana yenyewe. Kutegemea ni kuuegemeza mwili wako juu ya kitu hata kikiondolewa utaanguka.

Walimu wa kanisa letu wamefundisha tangu zamani kwamba imani ina mambo matatu: kujua, kukubali, na kutumaini. Kama mwataka kuyaona mambo hayo matatu, mtazameni mchumaji wa karafuu. Mkarafuu ni mti mrefu, na matawi yake ni mepesi kukatika. Kila msimu wako waangukao, wakavunjika viungo au wakafa. Mchumaji asimama chini akautazama mti: hapo ajua. Apima kwa macho, asema tawi lile litanichukua: hapo akubali. Lakini mpaka hapa miguu yake iko chini, wala hajachuma hata kikonyo kimoja. Ndipo akwea, akaondoa mguu mahali penye usalama akauweka juu ya tawi, na uzito wake wote ukawa hapo. Hilo ni jambo la tatu, na pasipo hilo yale mawili ya kwanza hayajazi pishi.

Tena mchumaji atufundisha jambo jingine, ambalo ni faraja kubwa. Wako vijana wakweao kwa kishindo, wasio na hofu, wakakanyaga tawi lililooza, wakaanguka. Ushujaa wao haukulifanya tawi kuwa zima. Na wako wakweao magoti yakitetemeka, wakakanyaga tawi zima, nalo likawachukua. Kutetemeka kwao hakukulifanya tawi kuoza. Basi, ndugu yangu, usikae ukiupima moyo wako kila siku ujue imani yako ina nguvu kiasi gani. Mtazame yule umtegemeaye. Nguvu za imani hazimo katika moyo uaminio. Zimo katika yeye aaminiwaye.

Kwa hiyo Dr. Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka ule ule 1529, alipoieleza amri ya kwanza, alifundisha kwamba kitu chochote ambacho moyo wa mtu wakishika na kukitegemea, hicho ndicho mungu wake. Hakuuliza kwanza mtu ahudhuria ibada gani. Aliuliza moyo umeegemea wapi. Katika visiwa vile twaliona jambo hili waziwazi. Mwaka 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba haikupata madhara makubwa kama hayo, na tangu hapo ikawa ndiyo mama wa karafuu. Watu wakasema, sasa tuna mali isiyokwisha. Wengi wakaweka mashamba rehani ili wapate fedha kabla ya mavuno. Bei ikaanguka, madeni yakakua, hata mwaka 1934 serikali ya wakati ule ikatunga sheria ili mashamba yasiendelee kupotea kwa sababu ya madeni. Karafuu ni kipawa chema cha Mungu, nayo imesomesha watoto wengi. Lakini ni tawi ambalo halikuumbwa kubeba uzito wa moyo wa mwanadamu. Vivyo hivyo mshahara, vivyo hivyo cheo, vivyo hivyo mtoto umpendaye.

Hapa yatupasa kusema habari zetu wenyewe, ijapokuwa si rahisi.

Tulipokuwa huko Pemba, mtoto wetu wa pili, msichana wa miaka mitatu, alishikwa na homa kali. Tulimpeleka hospitali, na waganga wa hospitali walifanya yote wawezayo. Usiku wa pili hali yake ilizidi kuwa mbaya. Jamaa yetu mmoja aliyekuwa akikaa kwetu, mtu aliyebatizwa, akatuita kando akasema kwa sauti ya chini, "Mwajua kisiwa hiki kilivyo. Watu hutoka nchi za mbali kuja kuwatafuta waganga wa hapa. Kuna mtu ng'ambo ya bonde, atamfunga uzi tu, wala hapana atakayejua." Ninyi walimu mwajua majaribu hayo, maana washarika wenu huwajia nayo. Dawa ya majani na mizizi Mungu ameiumba, nasi hatuikatazi. Lakini mtu yule hakunena habari za majani. Alinena habari za kumtia mtoto mkononi mwa pepo ili apone.

Hatukwenda. Lakini tusijisifu. Wapenzi, twaandika kweli mbele za Mungu: usiku ule hatukuzuiwa na imani, tulizuiwa na haya. Tuliogopa mchungaji asionekane njiani. Mama wa mtoto alikuwa amepiga magoti, nasi tulisimama kando ya kitanda, na lile neno tulilolisema mbele ya watu Jumapili kwa Jumapili halikutoka kinywani. Yule baba katika Injili ya Marko, aliyemleta mwanawe mwenye pepo, alimwambia Bwana kwa pumzi moja kwamba aamini, tena kwamba amepungukiwa na imani, na kwamba ahitaji msaada. Zamani tulihubiri juu ya mtu huyo kana kwamba ni mwanafunzi wa darasa la chini, aliyejua nusu ya somo. Usiku ule tulimwonea wivu, kwa kuwa yeye aliweza kusema hata nusu.

Kulipopambazuka mtoto alifariki.

Majirani walikuja wote. Wanawake wa Kiislamu walikaa na mama yake ndani, wakamshika mikono. Wanaume walileta jembe, wakasaidia kuchimba. Na yule mwenye duka akaja, akaketi karibu nasi mkekani, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Padri, ilikuwa amana. Mwenyewe ameichukua." Hakusema zaidi.

Neno hilo twalisikia mara nyingi katika misiba ya pwani, hata masikio yamelizoea. Lakini siku ile lilitufungua, kwa maana tulikumbuka kwamba mtume Paulo naye alilitumia. Akiwa kifungoni, karibu na mwisho wa maisha yake, amwandikia Timotheo kwamba haoni haya. Wala hatoi sababu kwamba ameyasadiki mafundisho mengi. Asema kwamba amjua yeye aliyemwamini. Kisha mara moja ataja amana, na kwamba yule aliyemwamini ana nguvu za kuilinda hata siku ile kuu. Imani na amana katika fungu moja! Basi hii ndiyo maana ya Namwamini: nimeweka kwake. Nimeweka nafsi yangu, dhambi zangu, kifo changu, na mtoto wangu, mkononi mwa yule aliyechomwa misumari kwa ajili yangu, na sina rehani ila Neno lake. Yeye si kama yule aliyepita njia ya nyuma asikutane na mdai wake. Yeye alikuja kwa njia ya mbele, akalipa deni lisilokuwa lake.

Hatusemi kwamba tangu siku ile hatukutetemeka tena. Tulitetemeka. Lakini tawi halikuvunjika. Kaburi la mtoto liko kule, chini ya mwembe, nasi twajua ni mkononi mwa nani tulikomweka.

Sasa turudi dukani, maana somo halijaisha.

Tumeona kwamba kuamini ni kukabidhi. Lakini kila mkono ukabidhiwao una wajibu wake, na nyumba ya imani ina mtoto mwingine aitwaye mwaminifu. Mungu amekabidhi vitu vyake mikononi mwetu: Injili yake, watoto tuliopewa, na jina la Kristo tulilotiwa katika ubatizo. Mchele wa jirani nao umo katika hesabu hiyo. Wako Wakristo wasemao, "Sisi twaokolewa kwa imani, si kwa matendo, habari za duka ni habari za duka." Wa kwanza ni usemi wa kweli, nasi twaungama hivyo pamoja na baba zetu katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, sehemu ya nne. Hatulipi deni la dukani ili tupate mbingu. Mbingu hazinunuliki kwa kilo tano za mchele. Lakini wa pili ni usemi wa yule ambaye hajajua ameamini nini. Dr. Luther, katika utangulizi wake wa Waraka kwa Warumi, alieleza kwamba imani ni kitu kilicho hai, kisichoweza kukaa bila kutenda mema, wala hakingoji kuulizwa. Aliyelipiwa deni kubwa ataficha uso kwa ajili ya deni dogo? Mtu aliyekwisha kuweka maisha yake yote mkononi mwa Mungu, ya nini kumwibia jirani miezi mitano?

Tena nyumba hii ina maana ile ya nne tuliyoiahidi. Waswahili humwita mtu asiye na huruma "mtu asiye na imani." Sisi wanafunzi wa vitabu twaweza kusema hayo ni makosa ya lugha, imani na huruma ni mambo mawili. Lakini msomeni Yakobo, naye atawaonyesha ndugu aliye uchi na mwenye njaa, na mtu amwagaye kwa maneno mazuri bila kumpa kitu. Na hiyo aiita imani iliyokufa. Wenyeji wa pwani wametunza ndani ya lugha yao jambo ambalo wengi wetu tumelisahau kanisani. Wale wanaume walioleta jembe alfajiri ile walituonea imani. Tungesema nini tena?

Baada ya msiba ule tulikwenda kwa yule mwenzetu wa kanisa. Hatukumgombeza, hatukuwa na nguvu za kugombeza. Tulimweleza tu neno tulilolisikia barazani, na jinsi tulivyoshindwa sisi wenyewe kulisema usiku ule. Akainamisha kichwa. Msimu ulipofunguliwa alikwenda mashambani baada ya kazi yake ya kila siku, akachuma, akachambua karafuu na makonyo, akapokea ujira kwa pishi, na kila juma akapeleka kidogo dukani kwa njia ya mbele. Dawa ya deni ni kulipa, wasema wazee. Ilimchukua msimu mzima.

Mwenye duka hakuiacha dini yake, wala hatukumwendea kwa hila ya kumgeuza. Lakini siku moja tulikuwa tumeketi barazani kwake kama zamani, mwenzetu akaja, na kabla hajasema neno mzee akashika mizani, akamtazama, akasema, "Haya, wataka kiasi gani?" Akampimia, wala hakuandika daftarini.

Ninyi walimu mfundishao watoto wa kipaimara, twawaomba jambo moja. Mkifika katika Ungamo, msiridhike mtoto akiisha kulikariri. Mwulizeni: Je, wewe umemkabidhi Mungu nini? Mwulizeni pia: Na wewe, ni nani aweza kukukabidhi kitu chake asiogope? Kama hana jibu, msimfukuze. Kaeni naye, mkamwambie jinsi ninyi wenyewe mlivyolipata jibu, na kama nanyi mngali mkilitafuta, mwambieni kweli hiyo. Nasi sote, Jumapili ijayo tutakaposimama kuungama, tulitamke neno la kwanza polepole kidogo. Aliye na deni la jirani, alikumbuke. Aliye na uzi uliofungwa kwa siri, aukate. Aliye na mgonjwa nyumbani, au kaburi jipya, amweke mpendwa wake mkononi mwa Bwana wakati ule ule alitamkapo.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, mikono yetu inatetemeka, lakini wewe hutetemeki. Twaweka kwako vyote tulivyo navyo, na hao waliotutangulia. Utulinde sisi tulio amana yako, utufanye watu wa kuaminiwa na jirani zetu, na siku ile utuonyeshe kwamba hukupoteza hata kimoja. Amin.